Ushahidi Uliochomwa Pini: Mikusanyo ya Wadudu ya Vyuo Vikuu na Kazi Yake

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 katika Buganda na Busoga, kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake walionyesha kwamba vimelea vyake huenezwa na mbung'o, na miaka michache baadaye serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa visiwa vya ziwa hilo. Katika visiwa hivyo vilivyogeuka mahame ndiko alikopelekwa daktari kijana, Geoffrey Douglas Hale Carpenter, aliyejiunga na utumishi wa Uganda mwaka 1910. Kazi yake ilikuwa mbung'o: wanazaliana wapi, wananyonya damu ya mnyama gani, wanaishije watu wakishaondoka. Saa za ziada alizitumia kukamata vipepeo. Aliwakausha, akaandika kisiwa na tarehe, akawatuma Chuo Kikuu cha Oxford kwa Profesa Edward Bagnall Poulton.

Kipepeo aliyemshughulisha zaidi ni *Pseudacraea eurytus*. Spishi hii moja ina sura nyingi, na kila sura inamwiga kipepeo fulani wa jamii ya *Acraea* ambaye ndege humkwepa kwa sababu mwili wake una sumu. Carpenter alifuga viwavi kutoka mayai ya jike mmoja na kuona sura tofauti zikitoka katika uzao uleule. Kisha akalinganisha. Bara, karibu na Entebbe, vipepeo wenye sumu ni wengi, na waigaji wao wanafanana nao vizuri sana. Visiwani, ambako wenye sumu walikuwa haba, alipata waigaji wengi wa sura za katikati, wasiofanana na kipepeo yeyote mwenye sumu. Maelezo yake yalikuwa haya: ndege asiyekutana mara kwa mara na kipepeo mchungu hana funzo la kukumbuka, kwa hiyo hambagui mwigaji aliyefanana na yule ambaye hakufanana. Pale ambapo funzo lipo, asiyefanana analiwa. Hii ilikuwa miongoni mwa dalili za wazi kabisa za uteuzi asilia zilizowahi kupatikana porini hadi wakati ule, na aliyekuwa na shaka hakulazimika kumwamini Carpenter kwa neno lake. Vipepeo walikuwepo Oxford, wa bara na wa visiwani, na angeweza kuwapanga na kuwahesabu mwenyewe.

Nimeanza na vipepeo hawa kwa sababu wanajibu swali ambalo wengi huuliza, tena kwa haki: chuo kikuu kinafanya nini na mamilioni ya wadudu waliokufa? Vyumba vinataka umeme, watunzaji wanataka mishahara, na wadudu wenyewe hawalipi ada. Jibu langu ni kwamba mkusanyo ndio mahali ambapo dai la kisayansi kuhusu mdudu linaweza kukaguliwa upya na mtu ambaye hakuwepo lilipotolewa. Uzito wake hautokani na wingi wa vielelezo. Unatokana na lebo, na mtunzaji, na ukaribu wa makabati hayo na watu wenye maswali. Hapo ndipo chuo kikuu kinapoweza kuyapita makumbusho makubwa ya taifa, na hapo hapo ndipo kinapoweza kushindwa vibaya.

Mkusanyo wa Oxford ulianza na kasisi mwenye mali, Frederick William Hope, aliyekikabidhi chuo wadudu wake mwaka 1849 na baadaye akagharimia kiti cha uprofesa chenye jina lake. Leo una wadudu zaidi ya milioni 5. Ndani yake yumo kipepeo aliyekamatwa Uingereza mwaka 1702, ambaye hutajwa kuwa mdudu mkongwe kuliko wote duniani aliye bado kwenye pini. Profesa wa kwanza wa kiti cha Hope, John Obadiah Westwood, alishika nafasi hiyo mwaka 1861. Ni yeye aliyempa jina mbung'o wa nyika, *Glossina morsitans*, mwaka 1850, akiwa na vielelezo vilivyoletwa kutoka kusini mwa Afrika, zaidi ya nusu karne kabla ya Bruce kufika Entebbe. Westwood hakuikubali nadharia ya Darwin. Poulton, aliyemrithi mwaka 1893, aliitetea maisha yake yote. Carpenter mwenyewe alikuja kukalia kiti hicho mwaka 1933. Watu watatu, imani mbili zinazopingana, makabati yaleyale. Jambo hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana: aliyemkusanya mdudu hana uwezo wa kuamua mdudu huyo atatoa ushahidi gani baadaye. Maandishi ya profesa hubeba mawazo ya profesa, lakini kielelezo kilichotunzwa vizuri humtumikia hata yule anayekuja kumpinga.

Ili kitumike hivyo, lazima kitengenezwe kwa nidhamu. Mbawakawa huchomwa pini kwenye gamba la bawa la kulia. Nzi huchomwa kifuani, kulia kidogo ya mstari wa kati, ili upande wa kushoto ubaki mzima kwa atakayekuja kuhesabu nywele. Nyigu mdogo asiyeweza kustahimili pini hubandikwa kwa tone la gundi kwenye ncha ya kipembetatu cha karatasi ngumu. Chini yake, kwenye pini hiyohiyo, huingizwa lebo ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba: nchi, mkoa, mahali, mwinuko, tarehe, aliyekusanya, na njia aliyotumia. Mwezi huandikwa kwa tarakimu za Kirumi, maana 4.7 kwa Mwingereza ni Julai na kwa Mmarekani ni Aprili, na mdudu wa msimu wa mvua hapaswi kuhamia kiangazi kwa sababu ya uandishi. Lebo nyingine hubeba jina la spishi na la mtaalamu aliyeitambua. Mtaalamu wa pili akija na maoni tofauti, haiondoi lebo ya mwenzake. Anaongeza yake chini. Baada ya miaka mia, pini moja inaweza kuwa na lebo 4 au 5, na ukizisoma kuanzia juu unasoma mjadala mzima.

Kuna vielelezo vyenye lebo nyekundu. Hivyo ndivyo vielelezo ambavyo majina ya spishi yamefungwa kwavyo. Jina la kisayansi halifungwi kwenye maelezo wala kwenye picha. Limefungwa kwenye mwili mmoja mahususi, na ubishi ukizuka, mwili huo ndio unaofunguliwa na kuangaliwa. Mdudu akipoteza lebo yake, hata awe mzuri namna gani, kwa utafiti amebaki pambo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, umuhimu wa haya yote unaonekana vizuri zaidi kwenye maembe. Mwaka 2003 wanasayansi wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Nairobi, walinasa nchini Kenya nzi wa matunda ambaye hakuwa wa kwetu. Alikuwa wa jenasi *Bactrocera*, ambayo nyumbani kwake hasa ni Asia na Pasifiki. Kumjua alikuwa nani kulihitaji kumweka karibu na ndugu zake, na ndugu wa kufanana naye wakapatikana Sri Lanka. Mwaka 2005 alielezwa kama spishi mpya, *Bactrocera invadens*, yaani mvamizi. Wakati huo alikuwa tayari ameenea Tanzania, Uganda na mbali zaidi, akitaga ndani ya embe, mapera na matunda mengine mengi. Mkulima hukata embe lililoiva na kukuta funza. Masoko ya nje yakafungwa. Kenya ililazimika kujizuia yenyewe kuuza maembe Umoja wa Ulaya kuanzia mwaka 2014, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi 2021.

Kisha likaja swali ambalo mtu wa mbali angeliona la kupoteza muda: je, mvamizi huyu ni spishi ya pekee kweli, au ni nzi wa mashariki, *Bactrocera dorsalis*, anayejulikana Asia kwa zaidi ya karne? Kwa mkulima na kwa afisa wa karantini, jibu lina pesa ndani yake. Kama ni spishi tofauti, kila utafiti uliofanywa Asia kuhusu chambo, joto la kuua mayai ndani ya tunda au madume yaliyohasiwa kwa mionzi hauwezi kuchukuliwa kama ulivyo. Inabidi kuanza upya. Kama ni yuleyule, maarifa ya miongo mingi yanahamia Afrika kwa siku moja. Watafiti wa nchi nyingi walilinganisha maumbo, DNA, kemikali za kuvutana na uzazi wa mchanganyiko, na mwaka 2015 wakahitimisha kwamba ni yuleyule. *Invadens* likaacha kuwa jina halali. Hitimisho hilo lilipimwa dhidi ya vielelezo ambavyo jina la 2005 lilikuwa limefungwa kwavyo. Kama nzi wale wa kwanza wangetupwa baada ya ripoti kuandikwa, tungebaki na majina mawili na mabishano yasiyo na mwamuzi.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina sehemu yake katika habari hii, na sehemu hiyo inastahili kujulikana kuliko inavyojulikana. Kuanzia mwaka 2004 watafiti wake, pamoja na Makumbusho ya Afrika ya Kati ya Tervuren, Ubelgiji, walitega nzi wa matunda kutoka mabondeni hadi kwenye miteremko ya Uluguru. Mvamizi alikuwa mwingi chini kwenye joto na akapungua kadiri walivyopanda. Huko juu alitawala nzi wa kienyeji, aliyeitwa wakati huo *Ceratitis rosa*. Lakini *rosa* huyu alikuwa na vituko. Baadhi yao walistahimili baridi, wengine walipenda joto, na DNA zao hazikukaa pamoja. Vielelezo vilirudishwa chini ya hadubini. Kwenye mguu wa kati wa dume, mahali penye nywele zilizopangika kama ubawa wa ndege, kulikuwa na tofauti ndogo ya umbo na ya weusi ambayo jicho lililokuwa halijaelezwa lingeipita. Mwaka 2016 kundi la milimani likapewa jina lake, *Ceratitis quilicii*. Mtu anayepanda miparachichi au mipichi nyanda za juu sasa anajua kwamba adui yake si yule wa pwani, na kwamba mtego na ratiba ya pwani haviwezi kuhamishwa tu kumpandia mlimani.

Angalia jinsi kazi hii ilivyokwenda. Haikuwa safari ya wageni waliokuja wakakusanya wakaondoka. Ilikuwa kazi ya miaka mingi ya chuo kilicho palepale wadudu walipo, chenye wanafunzi wa kutega na kuchambua, kikishirikiana na taasisi yenye mkusanyo mkubwa wa kulinganishia. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho. Nikitafuta mfano wa kuigwa, nauona hapo kabla ya Oxford.

Hadi sasa nimezungumzia kutaja na kutofautisha, kazi ya kale ya mikusanyo. Vizazi vya karibuni vimeongeza nyingine ambayo wakusanyaji wa zamani hawakuiwazia. Nchini Australia, nzi wa kondoo *Lucilia cuprina* walianza kupuliziwa dawa za jamii ya ogani-fosfati mnamo 1950, na baada ya miaka wakawa sugu. Je, mabadiliko ya vinasaba yaliyowapa usugu yalizuka baada ya dawa, au yalikuwepo kabla? Hakuna nzi hai anayeweza kujibu. Mwaka 2006 watafiti walichapisha matokeo ya DNA waliyoitoa kwa nzi waliochomwa pini kabla dawa hizo hazijaanza kutumika. Badiliko linalowakinga na malathioni, mojawapo ya dawa hizo, walilikuta humo, na badiliko la kuwakinga na nyingine, diazinoni, hawakulikuta. Nzi walikuwa wamejiandaa kwa dawa moja kabla haijatengenezwa. Aliyewachoma pini hakujua kwamba DNA ingeweza kusomwa, lakini aliandika tarehe, na ni tarehe iliyolifanya jibu liwezekane.

Marekani, wanasayansi walitumia nyuki wa makabati ya vyuo kadhaa, vikiwemo Cornell na Rutgers, kuangalia tarehe za lebo katika kipindi cha miaka 130. Utafiti uliotoka mwaka 2011 ulionyesha kwamba spishi 10 za nyuki wa mwitu wa kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo sasa huibuka takriban siku 10 mapema kuliko zamani, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo imetokea tangu 1970. Utafiti mwingine wa 2013 ukaonyesha nyuki-bambi wakipungua kuliko makundi mengine. Hakuna aliyekuwa akipima mabadiliko ya tabianchi mwaka 1880 kwa wavu wa nyuki. Tarehe ziliandikwa kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kazi.

Na wapo wadudu ambao wanasubiri tu mtu wa kuwaangalia. Mwaka 1950 dume mmoja wa ajabu alikamatwa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, akaishia kwenye makumbusho ya London bila kupata mahali pa kupangwa. Mwingine, jike kutoka Namibia, alikuwa Berlin tangu mwanzoni mwa karne. Mtaalamu mmoja aliyekuwa akichunguza mdudu aliyeganda ndani ya kaharabu ya Baltiki ndiye aliyewaunganisha, na mwaka 2002 ikatangazwa oda mpya ya wadudu, Mantophasmatodea, ya kwanza tangu 1914. Oda ni ngazi ya mbawakawa wote kwa pamoja, au ya vipepeo na nondo wote. Safari ya mwaka huohuo iliwakuta wakiwa hai kwenye mlima Brandberg, Namibia. Mwana wa Ufipa alikuwa amekaa kwenye droo miaka 50 na zaidi.

Mikusanyo ina upungufu wake, na anayeitetea asiufiche. Wakusanyaji hufuata barabara. Walipiga kambi Amani, Entebbe, Nairobi, na wakaacha mapengo makubwa kati ya sehemu hizo. Ramani ya wadudu wa Afrika Mashariki kwa kiasi fulani ni ramani ya nyumba za wageni. Walipenda wakubwa, wa rangi, wa nadra, kwa hiyo nzi wa kawaida wa jalalani anaweza kuwa haba kwenye droo kuliko kipepeo adimu wa msituni. Tena lebo husema mdudu fulani alikuwepo mahali fulani. Haisemi nani alitafutwa akakosekana. Watafiti wa nyuki niliowataja walilazimika kusawazisha hesabu zao kwa sababu juhudi za ukusanyaji zilipanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Mtu anayechukua namba za droo na kuzigeuza idadi ya porini moja kwa moja atadanganyika, na atadanganya wengine.

Jingine ni mipaka ya mwili wenyewe. Mbu wa kundi la *Anopheles gambiae* wana ndugu wanaofanana kiasi kwamba hadubini haiwatenganishi, ingawa mmoja anazaliana kwenye maji ya chumvi ya pwani, mwingine anapenda ng'ombe, mwingine anamng'ang'ania binadamu. Kwa hao, mwili kwenye pini bila DNA hautoshi. Lakini DNA bila mwili nayo haitoshi, kwa kuwa mfuatano wa herufi uliokosewa kutajwa hauna jinsi ya kurudi nyuma kuangaliwa.

Wengine husema tupige picha tuwaache wadudu hai. Naielewa huruma iliyomo katika hoja hii, na kwa ndege au chui naikubali kabisa. Mwaka 2015 nzi wa Afrika Kusini anayefanana na nyuki-seremala, *Marleyimyia xylocopae*, alipewa jina kwa kutumia picha peke yake, bila mwili wowote kuhifadhiwa. Mwaka uliofuata wataalamu karibu 500 waliweka saini kupinga mtindo huo. Nipo upande wao. Spishi nyingi za wadudu hutofautishwa kwa viungo vya uzazi vilivyo ndani ya tumbo, ambavyo picha haivioni, na picha haiwezi kukatwa mguu ili isomwe DNA miaka 80 baadaye. Kuhusu kuua, mdudu wa kawaida hutaga mayai kwa mamia na sampuli ya mtafiti haigusi wingi wake. Ipo hali moja ambapo ni lazima kujizuia: spishi iliyobaki kwenye kipande kimoja cha msitu. Hapo wachache wanatosha, na wakishapatikana, hakuna sababu ya kurudi na wavu.

Hatari kubwa kwa mikusanyo haitoki kwa wakosoaji. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazili, mjini Rio de Janeiro, yaliungua. Makumbusho hayo ni mali ya Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Rio de Janeiro. Mkusanyo wake wa wadudu, takriban vielelezo milioni 5, uliteketea karibu wote. Kati ya vilivyookoka ni vile vilivyokuwa nje kwa mkopo, mikononi mwa watafiti wa taasisi nyingine. Watunzaji wengi huogopa kukopesha, nao wana sababu, maana posta huvunja miguu na pembe. Rio iliwaonyesha kwamba hofu hiyo ikipita kiasi nayo inaua.

Uharibifu wa kila siku ni wa polepole zaidi. Lava wa mbawakawa mdogo aitwaye *Anthrenus* huingia kwenye droo isiyofungika vizuri na kula kielelezo kutoka ndani, hadi kinabaki ganda juu ya kilima cha unga wa kahawia. Naftalini hufukuza, lakini ni sumu kwa anayefanya kazi chumbani. Siku hizi droo nzima hufungwa kwa plastiki na kugandishwa kwenye friza. Katika miji ya pwani kuna unyevu, na unyevu huleta kuvu ambao hufunika mabawa kwa muda mfupi tu kiyoyozi kikizimika. Haya yote yanazuilika. Yanahitaji droo nzuri, umeme wa kutegemewa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo na si nyingine. Mtu huyo ndiye wa kwanza kukatwa bajeti inapobana, kwa sababu chuo kinahesabu machapisho na wanafunzi waliohitimu, na mdudu ambaye hajaliwa na *Anthrenus* mwaka huu hahesabiwi popote.

Ndipo tunarudi kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mbung'o wa Westwood, vipepeo wa Carpenter, yule dume wa Ufipa: vielelezo vingi ambavyo majina ya wadudu wetu yamefungwa kwavyo viko Ulaya. Mwanafunzi wa Makerere au Dar es Salaam anayetaka kuhakikisha kwamba mdudu aliyemshika ni spishi anayoidhania huhitaji viza, tiketi na barua ya mwaliko. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014, imeweka kanuni za kugawana manufaa ya viumbe na vinasaba, na vibali vya utafiti na vya kusafirisha vielelezo vimekuwa vikali. Ni haki, baada ya karne ya kuchukuliwa bila kuulizwa. Ila sheria hizohizo humkwaza mtafiti wa Tanzania anayetaka kumpelekea mtaalamu wa Nairobi nyigu watano ili amtambulishie.

Kurudisha kila kitu hakutasaidia mahali ambapo droo hazifungiki. Vitarudi vije kuliwa. Picha za kidijitali zenye ubora mkubwa ni msaada wa kweli, na taasisi za Ulaya zinawajibika kupiga picha kwanza vielelezo vyenye lebo nyekundu kutoka makoloni yao ya zamani, badala ya kuanza na vipepeo wa mashamba ya kwao. Lakini lililo muhimu zaidi lipo mikononi mwetu, nalo ni vielelezo vya leo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliangalia makala za kisayansi kuhusu wadudu na jamaa zao, ukakuta kwamba takriban robo tu zilieleza mahali vielelezo vilipohifadhiwa. Robo tatu zilizobaki haziwezi kukaguliwa. Aliyekosea spishi amekosea milele. Chuo chochote cha Afrika Mashariki kinaweza kuamua, bila kusubiri mfadhili, kwamba tasnifu ya wadudu haipokelewi mpaka vielelezo vyake vimeingia kabatini vikiwa na lebo na namba.

Mahali pa kuanzia papo wazi. Mbu *Anopheles stephensi*, mwenyeji wa Asia ya Kusini na Rasi ya Arabuni, alionekana Djibouti mwaka 2012 na Kenya mwaka 2022. Huzaliana kwenye matangi na mapipa ya maji ya mjini, mahali ambapo mbu wetu wa malaria hawapendi, na tayari ana usugu kwa dawa kadhaa. Kila wiki mbu wengi hunaswa na kupimwa katika kazi za ufuatiliaji, kisha hutupwa. Kipimo cha DNA cha kuitambua spishi kinahitaji mguu mmoja tu. Miguu mitano, mabawa, kichwa na mwili vinabaki, na vinaweza kuwekwa kwenye kichupa chenye mahali, tarehe na namba ya kipimo, ili swali la usugu la mwaka 2070 liwe na mbu wa leo wa kuulizwa.